Mlango wa uani wa moyo: Zaidi ya karne ya kutafuta tiba kupitia vena

Mgonjwa wa shambulio la moyo anaweza kuwahi hospitali, akaingizwa kwenye chumba chenye mtambo wa Cathlab, ateri yake iliyoziba ikazibuliwa, stenti, yaani kijibomba cha wavu, ikawekwa na picha ikaonyesha damu inapita bila kizuizi. Ndugu wakashukuru. Lakini siku chache baadaye kipimo kikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya misuli ya moyo imekufa, na mgonjwa akaanza maisha ya kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kila anapopanda ngazi.

Hali hii imewaumiza vichwa madaktari bingwa wa moyo kwa miaka mingi. Mshipa mkubwa umefunguka, ila damu haifiki kwenye misuli inayoihitaji. Tatizo limehamia chini zaidi, kwenye mishipa myembamba kuliko unywele inayoitwa kapilari. Humo kuna vipande vya bonge la damu lililosagika, kuta zimevimba, na misuli yenyewe iliyokaa muda mrefu bila oksijeni imetuna na kuibana mishipa hiyo kutoka nje. Picha za MRI huonyesha kuziba huku kwa takriban nusu ya wagonjwa wa shambulio kubwa ambao ateri zao zimezibuliwa vizuri.

Katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mshipani, na stenti haviwezi kuingia kwenye mshipa wa ukubwa huo. Na dawa inayopitia kwenye ateri itakwenda kule ambako damu tayari inapita, si kule ilikokwama. Ndiyo maana watafiti wamerudi mara kwa mara kwenye wazo lililoanza karne ya 19: ikiwa barazani hapapitiki, kwa nini tusizunguke tukaingilia mlango wa uani? Kwa moyo, mlango huo ni vena.

Damu inaingia wapi, inatokea wapi

Moyo husukuma damu ya mwili mzima, lakini hauli damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Hulishwa na ateri mbili zinazochipuka mwanzoni mwa mshipa mkuu wa aota, moja kulia na nyingine kushoto, kisha hugawanyika matawi juu ya uso wa moyo na kuzama ndani ya misuli. Katika kila mikupuo 20 ya damu inayotoka moyoni, karibu mmoja hurudi kuulisha moyo wenyewe. Misuli yake ina njaa kubwa. Hata mtu akiwa amepumzika, hunyonya asilimia 70 hadi 80 ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoifikia. Misuli ya mguu ikizidiwa inaweza kunyonya zaidi kutoka kwenye damu ileile, lakini moyo hauna akiba hiyo. Ateri ikiziba, seli zinaanza kufa ndani ya nusu saa hivi, kuanzia tabaka la ndani kuelekea nje, na kazi hiyo ya uharibifu huendelea kwa saa kadhaa.

Baada ya kutumika, damu hukusanywa na vena. Sehemu kubwa ya damu ya upande wa kushoto wa moyo, upande unaofanya kazi nzito, hutiririkia kwenye mfereji mmoja mpana ulioko nyuma ya moyo, na mfereji huo humwaga damu katika chumba cha juu cha kulia. Nyingine hupita kwenye vitundu vidogo vinavyofunguka moja kwa moja ndani ya vyumba vya moyo. Vitundu hivyo vilielezwa na Mjerumani Adam Thebesius mwaka 1708, na hadi leo vina jina lake.

Vena hizi zina sifa moja ambayo wataalamu wameionea wivu. Mafuta na chokaa vinavyoziba ateri za moyo haviziandami vena. Mtu ambaye ateri zake zote kubwa zimeharibika bado ana mtandao mzima wa vena zilizo wazi, na mtandao huo unafika hadi kwenye kapilari zilezile zenye njaa. Kilichobaki ni kujua kama damu inaweza kusukumwa irudi kinyumenyume.

Kutoka paka wa maabara hadi Cleveland

Mwaka 1898 mtafiti wa Marekani, Frederick Pratt, alichapisha majaribio aliyofanya kwa mioyo ya paka. Aliitoa, akazuia damu isipite kwenye ateri, kisha akailisha kupitia vena na vitundu vya Thebesius. Mioyo iliendelea kupiga. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba misuli ya moyo inaweza kuishi, japo kwa muda, kwa damu inayotoka upande wa pili.

Aliyelichukua wazo hilo na kulipeleka kwa binadamu ni Claude Beck, daktari wa upasuaji wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Beck ndiye yule ambaye mwaka 1947 aliuokoa moyo wa kijana wa miaka 14 uliosimama akiwa mezani kwa upasuaji, kwa kuushtua kwa umeme. Ni mara ya kwanza jambo hilo kufanikiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata alianza upasuaji wa vena za moyo. Alikata kipande cha mshipa kutoka mkononi mwa mgonjwa, akakiunganisha kati ya aota na ule mfereji mkuu wa vena, ili damu nyekundu yenye oksijeni iingie kwa nyuma. Wiki chache baadaye alimrudisha mgonjwa mezani na kuubana mfereji huo karibu na mdomo wake, ili damu isimwagike yote upande wa kulia bali ilazimike kurudi kwenye misuli.

Wapo waliopata nafuu ya maumivu ya kifua. Lakini upasuaji wa mara mbili kwa mtu mwenye moyo mgonjwa, katika enzi ambayo mashine ya kuushikilia mwili wakati moyo umesimamishwa ilikuwa bado haijaingia hospitalini, uliua wengi. Waliopona nao walikutana na tatizo jingine. Vena hazikuumbwa kubeba mgandamizo wa ateri. Kuta zake zilinenepa, nyingine zikaziba, na misuli ikajaa damu isiyo na pa kutokea. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 upasuaji huo ulikuwa umeachwa.

Katika mji huohuo wa Cleveland, hospitali nyingine ilikuwa ikienda njia tofauti. Mwaka 1958 Mason Sones alifanikiwa kupiga picha ya ateri za moyo wa mtu aliye hai kwa kuingiza katheta. Mwaka 1967 daktari kutoka Argentina, René Favaloro, akaanza kuchukua vena ya mguu na kuiunganisha juu ya ateri iliyoziba ili damu ivuke kizuizi. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig akazibua ateri kwa puto huko Zurich bila kufungua kifua. Baada ya hapo barazani pakapitika, na walioushughulikia mlango wa uani wakaonekana wamepitwa na wakati.

Waliobaki uani

Hawakuondoka wote. Madaktari wa upasuaji wa moyo walikuwa na shida yao: wanaposimamisha moyo ili kurekebisha vali, misuli inahitaji kulindwa isife. Mwaka 1956 Walton Lillehei wa Minnesota, akifanya upasuaji wa vali ya aota, aliilisha misuli ya moyo kwa damu iliyopitia mfereji wa vena. Miaka ya 1980 Philippe Menasché wa Paris na wenzake waliifanya njia hiyo kuwa ya kawaida kwa kupitishia dawa baridi ya kuulaza moyo. Leo katika vyumba vingi vya upasuaji duniani, mgonjwa ambaye ateri zake zimeziba vibaya hupewa dawa hiyo kwa njia zote mbili, mbele na nyuma. Ni tiba halisi kupitia vena, na inafanyika kila siku bila mbwembwe. Lakini hapo moyo umesimama, na unaomba kidogo sana.

Moyo unaopiga ni kazi nyingine. Misuli inapojikunja huzikamua vena na kuitoa damu. Inapolegea ndipo ateri hujaa. Samuel Meerbaum na wenzake katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, walitumia ratiba hiyo mwaka 1976. Pampu yao ilisukuma damu yenye oksijeni kwenye vena wakati moyo umelegea tu, kisha ikaacha njia wazi wakati moyo unajikunja. Kwa mbwa matokeo yalitia moyo. Kwa binadamu, kifaa kilijaribiwa kuwakinga wagonjwa wakati puto limeziba ateri yao kwa muda. Kisha stenti zikaja, kazi ya kuzibua ikawa ya dakika chache, na pampu ikakosa mteja.

Huko Vienna, daktari wa upasuaji Werner Mohl alikuja na wazo tofauti mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakutaka kupeleka damu mpya kabisa. Alitaka kuizuia ile inayotoka, kwa muda mfupi na kwa kurudiarudia. Katheta yenye puto huingizwa kupitia vena ya paja hadi kwenye mdomo wa mfereji. Puto likivimba, mgandamizo ndani ya vena hupanda pigo baada ya pigo, na damu hutafuta upenyo kuelekea sehemu zenye uhaba, pembezoni mwa eneo lililoumia. Baada ya sekunde kadhaa puto hunywea, damu hutoka kwa kasi na kuondoka na uchafu uliokwama kwenye kapilari. Kompyuta hupima mgandamizo na kuamua lini puto livimbe, lini linywee.

Hesabu ya mwisho

Kwa muda mrefu dalili zilikuwa nzuri. Huko Oxford, Uingereza, madaktari walilitumia puto hilo kwa kundi dogo la wagonjwa ambao vipimo vilionyesha kapilari zao zimeziba, wakawalinganisha na wengine waliotibiwa kabla yao bila puto. Baada ya miezi 6, kovu la moyo kwa waliopata puto lilikuwa dogo zaidi. Na ukubwa wa kovu si jambo dogo. Uchambuzi wa majaribio 10 uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kila kovu linapoongezeka kwa asilimia 5 ya misuli ya upande wa kushoto, uwezekano wa kufa ndani ya mwaka huongezeka kwa asilimia 19.

Lakini kulinganisha wagonjwa wa leo na wa jana ni kipimo chenye mitego. Daktari anaweza kuwachagua, bila kujua, wale wenye nafuu. Kwa hiyo likafanyika jaribio la haki katika hospitali kadhaa za Ulaya: wagonjwa 145 wenye shambulio la upande wa mbele wa moyo, ambalo ndilo baya zaidi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walizibuliwa kwa njia ya kawaida, nusu waliongezewa puto la vena. Siku chache baadaye wakapimwa kwa MRI.

Matokeo yalitoka mwaka 2024. Waliopata puto walikuwa na kovu la takriban asilimia 27 ya misuli ya upande wa kushoto. Wasiopata, asilimia 28. Hakuna tofauti ya maana. Kuziba kwa kapilari nako kulikuwa sawasawa kwa makundi yote mawili. Kilichotofautiana ni kwamba waliopata puto walikaa mezani muda mrefu zaidi.

Wapo wanaosema puto linafaa kuwekwa kabla ateri haijafunguliwa, au kwa wale tu ambao kapilari zao zimethibitika kuziba. Inawezekana. Lakini kwa sasa, mtu akiambiwa kuna tiba ya vena inayofuta madhara ya shambulio la moyo, ajue ushahidi bado haujapatikana. Vivyo hivyo kwa seli shina zinazoingizwa moyoni kupitia vena: majaribio yamefanyika, tiba iliyokubalika haijatoka.

Wavu wa chuma na maumivu yasiyoisha

Wazo la Beck la kuubana mfereji halikufa. Limerudi likiwa na umbo la wavu mdogo wa chuma, mpana kwenye ncha zote mbili na mwembamba katikati, unaoingizwa kupitia vena ya shingo na kuachwa ndani ya mfereji. Baada ya wiki kadhaa tishu za mwili huufunika, na damu hubaki na tundu jembamba la kupita. Mgandamizo wa nyuma hupanda kidogo, damu ikagawanyika upya.

Kifaa hiki kimelengwa kwa wagonjwa wenye maumivu ya kifua ya kudumu ambao dawa zimegonga mwamba na ateri zao haziwezi tena kuzibuliwa. Wengi wao wamewahi kupata shambulio la moyo. Jaribio la watu 104 lililochapishwa mwaka 2015 lilikuwa na uaminifu wa aina yake: nusu waliwekewa wavu, nusu walipitishwa kwenye utaratibu uleule bila kuwekewa kitu, na wote hawakujua wako kundi gani. Asilimia 71 ya waliowekewa wavu walipata nafuu ya angalau daraja moja la maumivu. Kwa wasiowekewa kitu, asilimia 42 nao walisema wamepata nafuu.

Hiyo asilimia 42 inapaswa kukumbukwa na kila anayesikia ushuhuda wa mtu aliyepona. Watu wanne katika kumi walijisikia vizuri kwa tiba ambayo haikuwapo.

Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walirudia jaribio kwa wagonjwa 51, safari hii wakipima pia damu inayofika kwenye misuli. Mtiririko wa damu haukuongezeka kama walivyotarajia. Hata hivyo, wenye wavu waliripoti maumivu machache zaidi siku hadi siku. Kwa hiyo kifaa kinaonekana kupunguza mateso, lakini maelezo ya kwa nini bado yanabishaniwa, na hakuna aliyeonyesha kwamba kinarefusha maisha.

Waya uliofaulu

Ajabu ni kwamba tiba ya vena iliyookoa maisha ya wengi haikubeba damu wala dawa. Ilibeba waya.

Moyo ulioumizwa na shambulio mara nyingi hupoteza mpangilio. Umeme wake huchelewa kufika upande mmoja, na kuta mbili za chumba cha kushoto hujikunja kwa kupishana badala ya kwa pamoja. Nguvu hupotea bure. Betri ya kawaida ya moyo, ambayo wagonjwa wetu wengi wanaifahamu, hupeleka waya upande wa kulia. Kuufikia upande wa kushoto kulihitaji kufungua kifua. Katika miaka ya 1990 Jean-Claude Daubert na wenzake wa Rennes, Ufaransa, walipata njia: waliupitisha waya kwenye mfereji wa vena, wakausogeza hadi kwenye tawi lililolala juu ya ukuta wa kushoto, wakauacha hapo. Betri ikawa inazipigisha pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Jaribio kubwa la Ulaya lililochapishwa mwaka 2005 lilihusisha wagonjwa 813 wa moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Katika kundi la dawa peke yake walifariki asilimia 30. Katika kundi lililoongezewa betri hiyo, asilimia 20. Si kila mgonjwa anafaa, kwani lazima kipimo cha ECG kionyeshe umeme wa moyo umechelewa kwa kiwango fulani. Lakini kwa anayefaa, hii ndiyo tiba ya vena yenye ushahidi usio na shaka.

Kwa hiyo hukumu ya zaidi ya karne moja ni hii. Vena za moyo ni njia ya kweli, na imewafaa wengi: kuulinda moyo wakati wa upasuaji, kuupangia mapigo baada ya kuumia, na huenda kupunguza maumivu yaliyoshindikana. Kazi moja iliyosubiriwa kuliko zote, ya kuiokoa misuli inayokufa wakati wa shambulio, bado haijaiweza.

Dawa ambayo haijashindwa

Misuli iliyokufa hairudi. Inayoweza kuokolewa ni ile ambayo bado haijafa, na kinachoiokoa ni muda. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya KCMC, Moshi, wameonyesha kwamba si wachache wanaofika idara ya dharura wakilalamikia kifua au kupumua kwa shida, kumbe wana shambulio la moyo ambalo halitambuliwi. Hutibiwa nimonia, presha au vidonda vya tumbo, kisha hurudi nyumbani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inazibua ateri kwa mtambo wa Cathlab, lakini haiwezi kumsaidia mtu anayeletwa siku ya tatu akiwa ameshakunywa magadi na dawa za gesi.

Basi msomaji, ukipata maumivu ya kubana au kukandamiza katikati ya kifua yanayozidi dakika 15, hasa yakienda mkono wa kushoto, taya au mgongo, yakiambatana na jasho la ghafla, kichefuchefu au kuishiwa pumzi, usilale ukisubiri kukuche. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasisikie maumivu makali. Uchovu wa ghafla na pumzi kukata pekee vinatosha kuwapeleka hospitali. Kama huna mzio wa aspirini wala tatizo la kutoka damu, tafuna aspirini ya miligramu 300 ukiwa njiani. Jaribio la mwaka 1988 lililohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 lilionyesha kwamba dawa hiyo ya bei ndogo pekee hupunguza vifo kwa karibu robo. Ukifika, omba kipimo cha ECG, na usiondoke kabla hujapimwa.